Agizo la simu lisomwe kabla ya sindano

Ndugu Mhariri,

Wauguzi wapya wanaoingia wodini huwa wamesoma dozi vizuri. Kinachowashinda ni ile simu ya saa nane usiku: daktari wa zamu yuko tiata (chumba cha upasuaji), sista yuko peke yake, agizo linatolewa haraka na simu inakatwa.

Agizo la mdomo ni la dharura tu. Daktari aliye wodini na hana kitu mkononi apewe faili na kalamu aandike mwenyewe. Kufanya hivyo si kukosa adabu. Akiagiza kwa simu, muuguzi aandike papo hapo kwenye faili, si kiganjani wala kwenye boksi la glavu: jina la mgonjwa, uzito kama ni mtoto, dawa, miligramu, njia ya kuitoa (mshipani au msulini), mara ngapi, saa, na jina la daktari. Kisha amsomee daktari alichoandika na kusubiri jibu. Kurudia kwa mdomo kabla ya kuandika hakutoshi, maana kosa hujipenyeza baadaye, wakati wa kuandika kwa kukumbuka.

Agizo la mililita bila miligramu lisikubaliwe kamwe. Chukua artesuneti, sindano ya malaria, kwa mtoto wa kilo 10 mwenye malaria kali: miligramu 3 kwa kila kilo, yaani 30. Chupa ya miligramu 60 ikichanganywa kwa ajili ya mshipa, kila mililita hubeba miligramu 10, hivyo atapewa mililita 3. Ikichanganywa kwa ajili ya msuli, kila mililita hubeba 20. Muuguzi aliyesikia "mililita tatu" tu, akachoma msulini, amempa mtoto dozi maradufu.

Kumtetea mgonjwa nako kunahitaji namba. Mama mwenye kifafa cha mimba anayepewa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, gramu 5 kila baada ya saa 4 hapewi dozi inayofuata mpaka ionekane kwamba anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaitika likigongwa, na mkojo wa saa 4 umefika mililita 100. Kumwambia daktari "naona kama hayuko sawa" humpa nafasi ya kujibu "endelea tu". Afadhali aambiwe hivi: "Daktari, mama wa kitanda cha nne ametoa mkojo mililita 60 kwa saa nne, na goti haliitiki. Nimesimamisha magnesiamu. Naomba uje umwone sasa." Huku kalsiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kupinga magnesiamu iliyozidi mwilini, ikiwa tayari kando ya kitanda, kwa sababu pumzi ikianza kupungua hakuna muda wa kwenda stoo.

Daktari akishikilia agizo lenye shaka, muuguzi asichome. Amwite msimamizi wa wodi, kisha daktari mwandamizi, na aandike saa ya kila simu na jibu alilopewa. Anayefanya hivyo anatimiza kazi yake, na ni kosa kubwa kumwita mkaidi mbele ya wagonjwa.

Wakuu wa hospitali nao wana sehemu yao. Madaktari wa intanshipu, yaani wapya walio katika mafunzo kazini, waelezwe utaratibu huu siku ya kwanza, na agizo la usiku lisainiwe kabla ya raundi ya asubuhi kwisha. Kila wodi iwe na simu yenye salio, kwani muuguzi mpya anayetumia pesa yake mwenyewe kupiga simu atasita kupiga mara ya pili.

Mkufunzi wa wauguzi,
Arua