Barua kwa mwanangu anayeenda kutengeneza magemu

Mwanangu,

Kwamba unaondoka wiki ijayo nimeambiwa na mdogo wako, sio wewe. Haya, yaishe. Hiyo kazi nimeifurahia mpaka usingizi umenipaa, ila kuna kitu kimenikaa kooni: huko uendako msitusahau sisi watu wazima.

Watu bado wanaona gemu ni mambo ya watoto. Pong, ile gemu ya zamani ya mpira wa meza, imetoka 1972, aliyekuwa na miaka 10 kipindi kile leo pengine ana wajukuu. Mi mwenyewe usiku nina saa moja tu ya kucheza, nyumba ikishatulia, nawasha, naambiwa subiri apdeti, dakika 40 zimekwenda, ikiisha nakutana na maandishi madogo kama chawa mpaka nainuka kwenye kochi nikasimame mbele ya tivii ndo nisome. Af nisipoingia kila siku zawadi inanipita. Kila siku mwanangu, na kazi nifanye saa ngapi? Na kusevu huwezi mpaka ufike pale wanapotaka wao, kwa hiyo nikisinzia njiani kesho naanza upya bonde lile lile na maadui wale wale. Nimeacha magemu matatu hivyo, na nilikuwa nayapenda.

Ule usiku wa homa yako, mechi ilikuwa ya mtandaoni, haisimami. Nilitakiwa nizime tu. Najua.

Ndo maana nakwambia ukikaa mezani na wakubwa zako ongea, we kwa kunyamaza sikuwezi, na akili unayo kuliko wengi wao. Waambie watu wazima wapo, hela tunatoa sisi, za kwetu na za watoto wetu, tunachoomba ni kusevu popote na maandishi yanayoweza kukuzwa. Na yale masanduku ya kwenye gemu, ya kulipia bila kujua ndani kuna nini, Ubelgiji 2018 walisema ni kamari, usikubali kupangiwa kuyatengeneza, nitaumia sana. Saa moja mwanangu. Mtengenezee mtu wa saa moja.

Chaja yako ya laptopu umeiacha nyuma ya kochi. Ile pedi ya bluu ya kuchezea gemu kijiti cha kushoto kinajivuta chenyewe, usiitupe, jumamosi naifungua niisafishe. Bomba la bafuni limeanza tena kuvuja. Na siku ya kuondoka unipigie mwenyewe, usimtume mdogo wako.

Mama