Barua ya wazi kwa vijana wa masjala: nakilini yote

Wanangu mlioajiriwa juzi masjala, nanyi makatibu wa vigango, vyama vya ushirika na serikali za vijiji mnaokabidhiwa makabati ya majalada ya watu waliokwisha kufa,

Marahaba. Nimewasikia mara nyingi sasa mkisema kwamba makaratasi ya zamani yanajaza nafasi tu, na kwamba ukishayapiga picha kwa simu kazi imekwisha. Kabla hamjapeleka chochote jalalani, naomba mnisikilize nikiwaeleza habari za mtu aliyefanya kazi yenu zaidi ya miaka 900 iliyopita.

Ni Gregorio wa Catino, mmonaki wa abasia, yaani nyumba kubwa ya watawa, ya Farfa, katika vilima vya Sabina kaskazini mwa Roma. Alizaliwa karibu mwaka 1060, akatolewa kwa watawa angali mtoto. Farfa walifuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ile ile inayofuatwa leo katika abasia za Peramiho na Ndanda, na Kanuni hiyo inajali sana maandishi. Sura ya 32 inamtaka abate, mkuu wa abasia, awe na orodha ya vyombo na mali, ili ndugu wanapopokezana kazi ajue anachotoa na anachopokea. Sura ya 58 inataka ahadi ya mtawa iandikwe, na hata mtu huyo akija kuondoka, karatasi yake harudishiwi, inabaki nyumbani. Makabidhiano kwa maandishi, basi, hayakuanza na waraka wa utumishi.

Mwaka 1092 Gregorio alianza kunakili hati za abasia katika kitabu kimoja kikubwa. Farfa ilikuwa imefikisha karibu miaka 400. Zilikuwapo hati za watawala wa Kilombardi wa Spoleto, za Karolo Mkuu, za makaisari waliofuata, na lundo la hati za watu wa kawaida: fulani ametoa shamba la mizabibu, fulani ameuza kipande cha ardhi, fulani amebadilishana na abate. Kwa miaka kadhaa alizipitia moja moja na kuziandika upya, zaidi ya hati elfu moja, kisha mpwa wake Todino akaendeleza pale alipoachia.

Kitabu cha pili ndicho ninachotaka mkitafakari zaidi. Baada ya hati za mali iliyoingia, aligeukia mali iliyotoka, yaani ardhi ambayo abasia iliwakodisha watu. Desturi ya huko ilikuwa kumpa mtu shamba kwa vizazi vitatu: yeye, mwanawe, na mjukuu wake. Kizazi cha tatu kikiisha, ardhi inarudi kwa mwenyewe. Sasa hesabuni wenyewe. Aliyetia sahihi amekufa, abate aliyempa amekufa, mashahidi wote wamekufa, na mjukuu amezaliwa akimwona baba yake akilima pale na babu yake amezikwa pale. Atawezaje kuamini kwamba si pake? Wala si lazima awe mwizi. Hajui tu. Abasia isiyo na daftari la ukodishaji hunyang'anywa ardhi na watu wema. Mnaoshughulikia mashamba ya ushirika na viwanja vya parokia mnajua ninachosema, kwa hiyo jalada la vilivyokodishwa lilindeni kuliko hata jalada la hati miliki. Hati miliki kila mtu huikumbuka.

Baadaye, kuanzia mwaka 1107 hivi, aliandika historia ya nyumba yake. Hapo ndipo moyo wa mtunza kumbukumbu hupimwa, kwa maana Farfa ilikuwa na aibu zake. Mwaka 936 abate Ratfredo aliuawa kwa sumu, na waliofanya hivyo ni wamonaki wake wawili, Campo na Hildebrando, ambao baadaye waligombania mali ya abasia na kuitapanya. Mambo hayo yaliandikwa, na majina yakaandikwa. Kabla ya Gregorio, abate Hugo wa Farfa alikuwa amesimulia maangamizi ya mwishoni mwa karne ya 9, Wasaraseni, yaani wavamizi Waislamu, walipoizingira Farfa na abate Petro akawagawa watu wake na hazina katika makundi matatu ili wakimbie. Ingekuwa rahisi kusema kwamba Wasaraseni ndio walioichoma. Hugo aliandika kwamba moto uliwashwa na wezi Wakristo waliojificha humo baada ya wamonaki kuondoka. Adui alikuwa tayari, angeweza kubebeshwa lawama zote na hakuna ambaye angepinga. Ndiyo maana namwamini Hugo hata katika mengine.

Kuna jambo moja la Gregorio ambalo sitaki mliige. Alisahihisha Kilatini cha hati za zamani alipoona kimekosewa sarufi. Nia yake ilikuwa njema, lakini hati zenyewe karibu zote zimepotea, na sasa hatuwezi kusikia waandishi wale wa karne ya 8 walivyokuwa wakisema hasa. Ukikuta muhtasari wa kikao cha 1974 umeandikwa kwa Kiswahili kibovu, unakili na ubovu wake. Jina la mtu likiandikwa namna mbili katika ukurasa mmoja, ziache zote mbili. Maoni yako yaweke pembeni, kwa jina lako na tarehe.

Na hizo picha za simu. Sizikatai, pigeni. Lakini picha 800 zisizo na majina ni gunia la njugu zilizomwagwa. Gregorio, akiwa mzee wa miaka kama 70, hakupumzika. Alitengeneza kitabu cha mwisho, orodha ya mahali palipotajwa katika hati, kwa mpangilio wa alfabeti, ili anayeulizia kijiji fulani asipekue vitabu vyote. Alikuwa na kazi ya miaka karibu 40 nyuma yake na bado akaona kwamba haijakamilika mpaka mgeni aweze kuitumia peke yake. Kila picha ipeni mahali, mwaka, na namba ya jalada siku ile ile mnapoipiga. Kesho hamtakumbuka.

Kitabu chake cha kwanza kipo hadi leo katika Maktaba ya Vatikano, na wanaochunguza maisha ya Italia ya kati zama zile hawawezi kukikwepa.

Anzeni na majalada ya ukodishaji, mwaka kwa mwaka, wawili wawili: mmoja asome kwa sauti, mwingine aandike, kisha mbadilishane na kuhakiki. Kila mmoja wenu achague tangu sasa kijana wa kumrithisha, amwonyeshe kila kabati linafunguliwaje na kwa nini. Mwenye karatasi zilizolowa au mwandiko unaomshinda kusoma aje nazo kwangu jioni yoyote. Macho yangu bado yanaona, na miandiko mingi ya makarani wa zamani naifahamu.

Mzee wenu, mstaafu wa masjala