Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Shule, Ujiji, Kigoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Daktari wetu. Mkuu wa Shule. Walimu, wazazi na walezi. Wanafunzi wenzetu: Assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na wakubwa wetu wote, shikamooni.

Tunakushukuru kwa kuiacha wodi yako Jumamosi asubuhi ukaja kuangalia moyo wa ng'ombe uliopasuliwa na wanafunzi. Moyo huo tuliununua soko la Mwanga. Muuza nyama tulipomwomba asiukate hata kidogo, alituuliza ni mganga gani aliyetutuma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka huu klabu ilichagua vali moja tu, ile iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo. Inaitwa mitrali kwa kuwa inafanana na kofia ya askofu yenye ncha mbili. Sisi wa Ujiji wengine hatukuwahi kuiona kofia hiyo kwa karibu, ikabidi wenzetu Wakatoliki watuchoree ubaoni. Vali ina vipande viwili laini vinavyokutana, na chini yake zimefungwa nyuzi ngumu nyeupe. Mwenzetu ambaye baba yake anavua dagaa Kibirizi alizivuta kwa kidole akasema, "Huu ni wavu. Ikikatika kamba moja, upande mzima unalegea." Mwalimu wa baiolojia alinyamaza kidogo, kisha akasema somo la siku hiyo limekwisha.

Ndivyo inavyokuwa kwa baadhi ya wagonjwa. Uzi unakatika, au moyo unatanuka baada ya kuumia hadi vipande viwili havifikiani tena. Kila moyo unapojikamua, sehemu ya damu inarudi juu badala ya kwenda mwilini. Mgonjwa anahema akipanda kilima, anavimba miguu, usiku analala ameegemea mito.

Kwa miaka mingi dawa ya uhakika ilikuwa kupasua kifua, kuusimamisha moyo na kuiachia mashine kazi yake. Mwaka 1991, huko Milan, daktari wa upasuaji Ottavio Alfieri alishona kingo za vipande viwili katikati, vali ikabaki na matundu mawili badala ya moja. Inashangaza kwamba mlango ulioshonwa katikati unafanya kazi, lakini unafanya. Baadaye wengine wakajiuliza: kama mshono mmoja unatosha, kifua kipasuliwe cha nini? Mwaka 2003, mjini Caracas, Venezuela, mgonjwa wa kwanza aliwekewa kibanio badala ya kushonwa kwa uzi.

Safari ya kibanio hicho inaanzia kwenye kinena. Mrija mwembamba, yaani katheta, unaingizwa kwenye mshipa mkubwa wa paja, unapanda hadi chumba cha juu cha kulia, unatoboa ukuta mwembamba wa kati na kutokea kushoto. Mgonjwa amelala kwa dawa ya usingizi, moyo wake unaendelea kudunda. Daktari anaongozwa na picha za mawimbi ya sauti kutoka kwenye kifaa kilichopitishwa kooni. Kibanio kinafunguliwa, kinakamata vipande vyote viwili, kinafungwa. Kisiposhika vizuri, kinaachiwa na kujaribiwa tena kabla hakijatenganishwa na mrija.

Matokeo yake yamezua mabishano. Utafiti wa Marekani na Kanada uliotolewa mwaka 2018 ulihusu watu 614 wenye moyo uliodhoofika. Katika miaka miwili, kwa kila 100 walifariki 46 waliotumia dawa peke yake, na 29 waliotumia dawa pamoja na kibanio. Mwaka huohuo utafiti wa Ufaransa wa wagonjwa 304 haukuona tofauti ndani ya mwaka mmoja. Klabu ilibishana hadi kengele ya chakula. Wengi wetu tunaona siri iko katika kumchagua mgonjwa.

Na hilo tulilithibitisha mezani, Mheshimiwa. Tulitengeneza vali kwa nailoni, tukapitisha maji ya bomba, tukabana katikati kwa kibanio cha nguo. Uvujaji ulipungua sana, ingawa haukuisha. Kisha tukaipaka nailoni nta ya mshumaa, ikawa ngumu na kingo zikagandana. Tulipoibana, maji yakashindwa hata kupita.

Vali ya nta ni mfano wa vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Mtoto anaumwa koo kwa bakteria, hatibiwi inavyopaswa, kinga ya mwili wake inakosea na kushambulia moyo. Vali inakakamaa, na kibanio kwa kawaida hakimfai. Huku kwetu mtoto akiumwa koo tunasema mafindofindo yatapita, au anapelekwa kukatwa kimeo. Kumbe huenda hapo ndipo moyo unapoanza kuharibika.

Miongoni mwetu yuko mwenzetu anayechomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne ili homa hiyo isirudi. Ameturuhusu tuseme, tusimtaje. Sindano inauma, siku mbili anakaa upande. Linalomuuma zaidi ni kwenda kituoni akaambiwa dawa imekwisha, arudi wiki ijayo. Vali yake ilipimwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mama yake aliuza mawese ya msimu mzima kupata nauli ya treni, zaidi ya kilomita 1,200 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi.

Kwa hiyo Mheshimiwa, tunaomba utusaidie sindano hizi zisikosekane vituoni. Tunaomba pia wataalamu wenye mashine ya eko, ile inayopiga picha za moyo kwa mawimbi ya sauti, wafike mkoani mara kwa mara, na shule yetu iwe miongoni mwa vituo vyao. Sisi tuko tayari kupita shule za msingi za jirani kuzungumzia koo. Vali ya nailoni tutaibeba.

Ombi letu la mwisho ni jokofu dogo la maabara. Moyo unaouona leo ni wa pili. Wa kwanza uliharibika Ijumaa mchana, na darasa la jirani wanalijua hilo vizuri.

Tunaomba kuwasilisha.