Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kutunza santuri za taarab, assalam alaykum.

Nianze na kosa langu, maana nusu yenu mmeshalisikia barazani na kila anayelisimulia analitia chumvi yake.

Baada ya Ramadhani, familia moja ya mtaa wa Kuze ilitukabidhi sanduku la sahani za santuri za marehemu babu yao. Nyingi zilikuwa 45, yaani za mizunguko 45 kwa dakika, za plastiki, za lebo ya Mzuri iliyokuwa ya Assanand & Sons papa hapa Mombasa. Chini kabisa palikuwa na moja nzito ya 78, ile aina ya zamani ya mizunguko 78 kwa dakika, imeota ukungu, karatasi ya katikati imeliwa na mende. Nikachukua pamba na spiriti, nikaufuta upande mmoja. Pamba ikatoka nyeusi, nikafurahi, nikidhani ni uchafu. Kumbe ni santuri yenyewe inayotoka! Hizi za zamani zimetengenezwa kwa lakiri, utomvu wa wadudu, na spiriti huiyeyusha. Sasa ukiupiga upande ule unasikia samaki wakikaangwa, na kwa mbali nyuma yao mtu anaimba.

Spiriti imeshatolewa kwenye chumba chetu cha santuri. 78 itafutwa kwa kitambaa laini, maji kidogo na tone la sabuni, bila kugusa karatasi, kisha ikaushwe kivulini. Wala msizipige kwa sindano ya LP, zile sahani kubwa za plastiki zilizokuja baadaye: mfereji wa 78 ni mpana, sindano nyembamba huburura chini kwenye vumbi na mikwaruzo, halafu mtu analaumu santuri.

Rafu tumezitenga na ukuta ule unaolia maji kila masika, na sahani zote sasa zimesimama wima. Zilizokuwa zimelazwa karibu na dirisha zilishapinda kama papadi. Hesabu atasoma mweka hazina. Mimi nasema tu kwamba ada zenu hazikutosha hata mbao.

Wapo wanachama watatu walioazima kaseti za waimbaji wetu wa taarab, Zein na Zuhura Swaleh, tangu mwaka juzi. Siwataji. Wenyewe wanajijua, na majirani zao pia, kwa sababu kila Jumamosi zinapigwa madirisha wazi.

Kuna jambo tulilobishana mwaka mzima, na bado sijabadilika. Baadhi yenu mnataka fedha yetu ndogo itumike kuwinda sahani za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, zile alizorekodi Bombay mwaka 1928. Siti ni Siti, hakuna ubishi. Lakini anatafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima, wenye mifuko mirefu kuliko yetu. Hizi 45 za hapa kwetu zilipigwa harusini hadi zikachakaa, na wengi huzitupa pamoja na redio mbovu. Mimi ningezinunua hizi kwanza, hata zenye mikwaruzo. Mtapiga kura baada ya chai.

Sasa ile 78. Upande wa pili sikuugusa, na ni mzima. Ni mwanamke, kwa udi, fidla na dumbaki. Jina limeliwa, imebaki nambari iliyochongwa kwenye lakiri karibu na karatasi, nasi tumeinakili daftarini. Leo alasiri nitaupiga mara mbili, polepole, na bibi zenu mliokuja nao naomba wakae mbele. Atakayeitambua sauti asisubiri wimbo uishe.