Nimeshika vyeti vya binti mwenye jina kama langu, nikimpigia ananiita tapeli, naombeni ushauri

Shikamoo anti, na wasomaji wenzangu wote habari za majukumu. Huwa nasoma barua za wengine na majibu mnayowapa, mengi yana busara kwa hiyo leo na mimi nimekuja, jambo langu sio la ndoa wala la mawifi lakini linanikosesha raha na muda wenyewe unakimbia, naombeni mnisome mpaka mwisho hata kama nitarefusha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Jina langu halisi naomba nilihifadhi, mniite tu Asha Juma maana langu nalo ni la aina hiyo hiyo, jina fupi la kwanza na jina la baba basi. Majina kama haya mnajua yalivyo, wapo Tanga, wapo Unguja, wapo Mombasa na Lamu, waliohamia Muscat na Uingereza wamehama nayo, na kwa vile sisi wengi jina la mwisho sio la ukoo ni la baba au babu tu, basi kina Juma tuko wengi na wala hatuna undugu. Imeili yangu niliifungua zamani nikiwa chuo. Gmail ilianza 2004 ikawa ya kualikana, ikaja kufunguliwa kwa kila mtu 2007, sisi tuliowahi tukapata majina yetu matupu, waliokuja nyuma wakakuta limeshachukuliwa ikabidi waongeze mwaka wa kuzaliwa au namba yoyote mwishoni. Sasa mtu akifika benki au shule au hospitali akaulizwa imeili anataja jina anasahau ile namba, au anaitaja na karani haiandiki, na kuanzia siku hiyo barua zake zote zinakuja kwangu.

Kuna wanaoniambia labda mwenzio ana nukta katikati ya majina na wewe huna. Hapana, mdogo wangu anayefanya kazi za kompyuta alinionyesha, Gmail haihesabu nukta, jina lenye nukta na lisilo na nukta ni sanduku moja lile lile na mtu wa pili hawezi kupewa. Kwa hiyo sio kwamba tumegawana anwani, ya kwake ni nyingine kabisa na hajui kama anaikosea.

Miaka yote hii mambo haya nimeyamaliza vizuri tu. Kuna mama wa Mombasa, shule ya mtoto wake ilikuwa inaniletea mimi taarifa za ada na ripoti za mitihani, nikawajibu shule wakarekebisha, yule mama mwenyewe akaniandikia kunishukuru na mpaka leo Idi ikifika tunatumiana salamu. Kuna familia ya Muscat yenye asili ya Unguja waliniunganisha kwenye barua zao za kifamilia, bibi yao alikuwa mgonjwa, leo kaamka, leo kanywa uji kidogo, leo hataki dawa, nikaona yale ni mambo ya ndani ya watu haifai niyasome, nikawaandikia kwamba mimi sio Asha wenu ila namuombea bibi afya, wakanitoa na wakanijibu kwa heshima sana. Tiketi za boti, ankara za maji, mialiko ya harusi, hivyo nikishaona sio vyangu namjulisha aliyetuma halafu nafuta, siendelei kusoma. Huo ndio utaratibu wangu na nimeushika.

Sasa huyu wa Mwanza ndiye amenileta hapa.

Iliingia imeili kutoka steshenari, haina kichwa wala salamu, mafaili tu yenye yale majina ya namba namba ya mashine ya kuskani. Na mimi siku zile nilikuwa nimepeleka vyeti vyangu kuskaniwa kwa ajili ya mambo ya kupandishwa daraja kwa hiyo nikafungua nikijua ni vyangu. Kumbe ni vya binti. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha form four, cheti cha chuo, kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, picha ya pasipoti yenye bluu nyuma, na CV. Kile cheti cha form four kona imekunjika na pembeni kinaonekana kidole gumba cha aliyekuwa anaskani kimeshikilia karatasi isiruke. Yaani maisha yote ya mtoto wa watu kwenye simu yangu, tarehe aliyozaliwa, mtaa anaoishi, namba ya NIDA yenye tarakimu zake 20 zote, mtu mwenye roho mbaya angefanya nayo nini jamani. Nikaijibu steshenari, kimya, maana zile imeili za steshenari kila mteja vitu vyake vinatumwa kupitia humo humo na yanayorudi sijui kama kuna anayeyasoma.

Haikupita muda ikaja nyingine, hii ya shirika moja, na Gmail inavyokuonyesha mistari ya kwanza kabla hata hujafungua nikaiona, Ndugu Asha tunapenda kukujulisha kuwa umechaguliwa kwenye usaili. Anatakiwa abonyeze kuthibitisha kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, asiyethibitisha nafasi yake anapewa mwingine. Nilishtuka kama barua ni yangu. Ajira mnazijua zilivyo, nina watoto niliowafundisha darasa la nne leo wana digrii wanaendesha bodaboda hapa stendi ya Msamvu, kila wiki wanaskani vyeti wanatuma, halafu mtu anaitwa kabisa kwenye usaili na yeye mwenyewe hana habari, anakaa nyumbani anajiona hana bahati.

Namba yake ya simu ipo kwenye CV, nikampigia. Akapokea vizuri tu, nikamwambia mdogo wangu mimi naitwa Asha Juma kama wewe, niko Morogoro, vyeti vyako vimekuja kwenye imeili yangu na kuna sehemu umeitwa kwenye usaili. Akaniuliza vyeti vyangu umevitoa wapi wewe. Nikamweleza habari ya steshenari, nikamtajia na chuo alichosoma ili aniamini, na kadiri nilivyozidi kutaja vitu vya kweli ndivyo sauti yake ilivyozidi kubadilika. Akasema dada nyie matapeli mmezidi, juzi tu mmemliza mama yangu, na hii namba naipeleka 15040, akakata. Nikamtumia meseji, "Habari mdogo wangu sio utapeli, sihitaji hela yoyote, umeitwa usaili naomba angalia imeili uliyoandika kwenye maombi umeikosea." Hajajibu. Nikipiga naambiwa haipatikani lakini mwalimu mwenzangu alipojaribu kwa simu yake ikaita, maana yake ameniblok.

Na simlaumu hata kidogo. Wote tumeshatumiwa zile za ile hela itume kwenye namba hii, tumeshapigiwa na watu wanajifanya walimu eti mwanao kaanguka shuleni tuma hela ya matibabu, na za kazi ndio usiseme, umechaguliwa lipia fomu. Kwa hiyo mtu asiyekujua anakupigia, anajua jina lako mpaka la babu, anajua chuo, na anakwambia umepata usaili, hata mimi ningekata simu. Alichofanya ndicho tunachofundishwa kufanya. Ila mnaona ilipofika, tahadhari yake nzuri ndiyo inayomnyima kazi. Na mimi nina hofu yangu, 15040 ni ile namba ya kuripoti utapeli, laini yangu imesajiliwa kwa alama ya kidole changu na ndiyo inapokea michango ya kikoba chetu cha walimu, ikifungwa nitawaeleza nini wenzangu?

Nikaona basi nipitie upande wa shirika. Ile imeili yao ni ya aina isiyojibiwa, nikaandika kwenye anwani ya kwenye tovuti nikapata jibu la mashine, asante tumepokea ujumbe wako. Nikapiga simu ofisini, dada wa mapokezi akanisikiliza kwa upole akaniambia hatuwezi kuzungumzia taarifa za muombaji na mtu mwingine. Kisheria naona yuko sawa. Lakini mimi sikutaka aniambie chochote, nilitaka achukue kalamu aandike kwamba imeili ya huyu muombaji sio yake, wampigie simu. Hapo tu.

Nyumbani kila mtu na lake. Mume wangu anasema nifute kila kitu niachane nayo, umeshampigia kakutukana, deni limeisha. Mwalimu mwenzangu anasema nibonyeze mimi kuthibitisha ili nafasi isiende, halafu tutajua mbele. Mwingine akaniambia kile kiakaunti cha maombi kimefunguliwa kwa imeili yako si uombe paswedi mpya uingie ubadilishe imeili. Mdogo wangu wa kompyuta akakataa katakata, kasema Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo bila idhini na nia yako nzuri haitakuokoa, akaunti ni ya yule binti hata kama imeili ni yako. Hapo nakubaliana naye. Hata hilo la kubonyeza siliafiki, ni kujifanya yeye, na hata nikibonyeza kama hajui siku wala mahali atafikaje?

Kwenye CV kuna wadhamini watatu. Wa kwanza ni mhadhiri wake, namba haitumiki tena. Wa pili ni bosi wake wa sasa hivi, maana huyu binti ana kibarua mahali. Mnaelewa nikimpigia huyo nitakuwa nimefanya nini, nampigia bosi namwambia mfanyakazi wako kaitwa usaili kwingine, si nitakuwa nimemfukuzisha kazi aliyonayo kwa ajili ya ambayo hajaipata! Wa tatu ameandikwa jina na cheo cha mwenyekiti wa mtaa wake. Huyo nimemfikiria sana. Angeweza kumfuata nyumbani akamwambia, na mtu wa mtaani kwake atamwamini. Lakini sijui ni mtu wa namna gani, ana mdomo au hana, na nitamwambia nini bila kumwaga siri za binti.

Niseme na hili kwa wanaofanya kazi kwenye hizi ofisi. Ukisajili namba ya simu sehemu nyingi wanakutumia tarakimu za kuthibitisha uzirudishe, ndiyo wajue namba ni yako. Imeili kwa nini isiwe hivyo hivyo? Wangetuma barua moja tu, bonyeza hapa kama ni wewe, mimi nisingebonyeza, mfumo ungemwambia binti imeili haijathibitishwa na haya yote yasingekuwepo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu ahakikishe ni sahihi, sasa usahihi gani kama hujawahi kuuliza? Mdogo wangu ananiambia hata jeshi la Marekani liliwahi kuandikwa magazetini 2023 kwamba barua zao kwa miaka zilikuwa zinaenda Mali, kisa anwani zao zinaishia na .mil na watu wanaandika .ml ambayo ni ya Mali. Herufi moja tu. Wao wana watu wa kulifuatilia, huyu wa Mwanza hana mtu.

Wapo watakaoniambia nifunge imeili nifungue mpya, ili barua zikienda zigonge mwamba zirudi kwa waliotuma wajue. Nililifikiria na kwa miaka ijayo labda, lakini humo ndio kuna mambo yangu yote ya kazi, benki na picha za watoto, na kwa huyu binti haisaidii kwa sababu barua yake imeshaingia.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Kwanza, mwenyekiti wa mtaa nimpigie au nisimpigie, na kama nimpigie nimwambie maneno gani yanayotosha, mimi nilifikiri nimwambie tu amwambie binti awapigie wale alioomba kwao kazi, bila kutaja shirika wala usaili, mnaonaje? Pili, kama kuna anayefanya kazi kwenye mambo ya ajira anielekeze ofisini niombe kuongea na nani na niseme vipi wasinifungie mlango, maana mtu wa mapokezi nilishaongea naye. Tatu, vile vyeti nifute lini, sasa hivi au nikishahakikisha amepata taarifa, kwa sababu kukaa na NIDA ya mtu simuni kunanitisha lakini nikifuta na namba yake ya simu na ya mwenyekiti zinaondoka, labda niandike hizo namba mbili tu kwenye daftari nifute vingine.

Na kama kuna msomaji yuko Mwanza, ni Asha Juma au jina linalofanana na hilo, aliomba kazi hivi karibuni na alipigiwa simu na dada wa Morogoro akamblok, mdogo wangu nakuomba usinipigie mimi kama bado una wasiwasi, wapigie wale ulioomba kwao kazi, namba zao si unazo, waulize tu imeili yangu mmeiandikaje. Fanya kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo.

Asanteni, nasubiri majibu yenu.

Mwalimu Asha, Morogoro