Kisanduku cha Tatu Kiko Wapi?

Ndugu Mhariri,

Mimi si mtu wa kuandika barua. Gazeti lako nalisoma mwaka wa 11 huu na sijawahi kusema neno, hata ile siku mlipochapisha fumbo la maneno pamoja na majibu yake ukurasa uleule nilicheka peke yangu nikanyamaza. Ila ile habari yenu ya wiki iliyopita, ya watu wanaolipwa fao la kukosa ajira halafu wakiitwa kazi ya pati taimu wanaikataa, hiyo hapana. Unaikumbuka vizuri tu, ndo ile yenye picha ya kijana kalala kwenye kochi na rimoti kifuani. Mwandishi wenu kamhoji mwajiri, kamhoji afisa, kamhoji na mchumi. Aliyepoteza kazi hakuhojiwa hata mmoja, nadhani wote walikuwa wamelala.

Sasa mimi kazi hiyo sikuikataa. Niliikubali, na ndo maana leo nakuandikia.

Nilikuwa stoo kwa miaka 9. Kupokea mzigo, kuandika, kutoa, kuhesabu, kubishana na madereva. Siku moja tukaitwa watu saba ofisini tukapewa kila mtu bahasha, kampuni inapunguza gharama, asanteni kwa utumishi wenu. Sikugomba na mtu. Nikapeleka karatasi zangu kwenye ofisi ya mafao, nikasubiri, fao likaanza kuingia. Si mshahara ule, ni kipande, ila kodi ya nyumba ilikuwa inalipika.

Mwezi wa pili simu ikalia. Bosi wangu wa zamani. Njoo utusaidie kidogo, siku tatu kwa wiki, saa nne nne, jumla saa 12. Nikaenda. Stoo ileile, meza ileile, hadi kimto nilichokuwa nakalia bado kipo kwenye kiti na lile shimo lake la katikati. Kazi nayo ileile ya saa 40, isipokuwa sasa inatakiwa iishe kwa saa 12. Kwa hiyo kazi yangu haikufa kama barua ilivyosema, ilikatwa vipande, wakanirudishia kipande kidogo kuliko vyote.

Nikapiga hesabu. Tuseme mshahara wangu wa zamani ulikuwa 100. Fao lilikuwa 40. Saa 12 kati ya 40 zinanipa 30, na hapo nauli sijatoa. Yaani kwenda kazini kunanilipa kidogo kuliko kukaa nyumbani. Nikajisemea poa tu, bora mguu mmoja uwe ndani, huenda wakaongeza saa, na fao si watanipunguzia tu kidogo. Mjinga mimi.

Nikaenda mwenyewe kutoa taarifa, hakuna aliyenishika shati. Nikapewa fomu ya kurasa nne. Hiyo fomu inauliza mambo mhariri, inauliza jina la mama, inauliza namba ya simu mara tatu, ila likija swali lenyewe la maana kuna visanduku viwili tu: NINA KAZI na SINA KAZI. Nikamuuliza dada wa dirishani, sisi wenye kazi nusu tunatiki wapi? Akaniangalia, akaiangalia fomu, akaigeuza nyuma kama vile kisanduku kingine kimejificha huko. Akasema kaka wewe tiki nina kazi, maelezo andika hapo pembeni. Simlaumu, alikuwa na foleni mpaka mlangoni na fomu hakuitunga yeye. Nikaandika pembeni kwa herufi ndogondogo zikaenea: saa 12 tu kwa wiki, bado natafuta kazi ya kutwa.

Wiki mbili baadaye fao likakatwa. Lote. Nilipofuatilia nikaambiwa wanaoingiza taarifa wanaingiza tiki, na kompyuta haina pembeni.

Haikuishia hapo. Ikaja barua nirudishe malipo ya wiki tatu, eti nilikuwa kazini, kumbe wamehesabu kuanzia siku niliyopigiwa simu na si siku niliyoanza, nikapiga ile namba ya huduma kwa wateja, wimbo ukapigwa nikaujua wote mpaka pale kinanda kinapokosea, nikaambiwa nitume pei slipu, nikatuma, nikaambiwa haina muhuri, nikarudi kwa bosi kuomba muhuri, bosi akasema mwenye muhuri yuko likizo, na muda wote huo niko hapo stoo nafanya kazi ya mtu mzima kwa malipo ya robo na kitu, fao sina, nadaiwa, halafu Jumapili nafungua gazeti langu nakuta picha ya kijana na rimoti naambiwa tatizo la nchi ni watu kama mimi kutopenda kazi. Najua wengine wawili kati ya wale saba walioitwa kama mimi. Wao hawakuripoti kitu, wanafanya saa zao wanapokea kimyakimya na fao linaingia kama kawaida. Siwasemei. Nasema tu kwamba sheria imepanga mambo hivi, anayesema ukweli ananyang'anywa na anayenyamaza analipwa, na mwandishi wenu akaona habari ya kuandika ni kochi.

Na usije kunijibu kwamba ndo ilivyo kila mahali. Mpwa wangu anajua kutafuta vitu mtandaoni, nilimkalisha jioni nzima. Ujerumani ukifanya kazi chini ya saa 15 kwa wiki bado unahesabika huna ajira, na euro 165 za kwanza za kila mwezi hawazigusi, kinachozidi hapo ndo wanakikata kwenye fao. California, Marekani, kila wiki unataja ulichopata, wanakuachia dola 25 au robo ya kipato chako, ile iliyo kubwa, kinachobaki ndo kinapunguza fao. Nikaichukua ile robo yao nikaiweka kwenye hesabu yangu. Napata 30, robo yake ni 7.5 inabaki yangu, 22.5 inakatwa kwenye 40, fao linakuwa 17.5. Jumla mkononi 47.5. Mimi ningekuwa nimepata zaidi ya kukaa nyumbani, na mfuko wa mafao nao ungekuwa umeokoa zaidi ya nusu ya fao. Nilimwambia mpwa wangu arudie hesabu mara mbili kwa sababu nilidhani tumekosea, yaani kitu rahisi hivi. Afrika Kusini nao walirekebisha sheria yao mwaka 2016 ili mtu aliyepunguziwa saa akapoteza sehemu ya kipato aweze kudai, japo bado yuko kazini. Na Shirika la Kazi Duniani lina mkataba namba 168 wa mwaka 1988, humo wametajwa wafanyakazi wa pati taimu ambao bado wanatafuta kazi ya kutwa. Mwaka 1988! Huyo mpwa wangu alikuwa hajazaliwa.

Mkataba huohuo una neno mliloliruka kwenye habari yenu, nalo ni kazi inayofaa. Swali si umekataa kazi au hukukataa. Swali ni kazi gani hiyo. Wanasema uangalie umri wa mtu, muda aliotumikia kazi yake ya nyuma, uzoefu wake, amekaa bila kazi kwa muda gani, soko la ajira likoje, hata hali ya familia yake, na kama nafasi yenyewe ipo wazi kwa sababu ya mgogoro wa kazi basi hilo nalo linatazamwa. Fundi mitambo aliyekataa kufagia saa sita kwa wiki mji wa tatu kutoka kwake, na mtu aliyekataa kazi yake ileile kwa mshahara uleule, ninyi mmewaweka kapu moja mkawaita wavivu. Hivi mhariri, wewe ukiachishwa leo halafu kesho uitwe uje uhariri ukurasa mmoja tu, Jumanne asubuhi, utaita hiyo kazi?

Halafu kuna lingine, najua si la habari ile ila nikishaandika naandika. Kati ya sisi saba kulikuwa na dada mmoja wa upande wa hesabu. Yeye hakupewa barua kama yetu, yake ilikuja imeshachapwa kwa jina lake kwamba ameamua mwenyewe kuacha kazi kwa hiari, akaambiwa asaini hapa chini ili mshahara wake wa mwisho utoke haraka. Alikuwa na ada za watoto, akasaini. Alipofika kwenye mafao wakamsomea barua yake mwenyewe. Aliyeacha kwa hiari hana fao. Na hili liko sehemu nyingi, hata hao Wajerumani niliowasifu hapo juu, ukiacha kazi mwenyewe bila sababu ya msingi wanakufungia fao wiki 12. Tofauti ni kwamba yeye hakuacha, aliachishwa kwa peni iliyokuwa mkononi mwake. Mwajiri kaokoa notisi, kaokoa kiinua mgongo, na dada wa watu anazunguka na nakala ya barua ambayo hata lugha yake si yake, maana yule dada hajawahi kutumia neno "aidha" tangu nimjue. Hilo ndo la kumtuma mwandishi akachunguze, akimaliza na makochi.

Basi niseme ninachotaka maana najua barua ndefu mnazikata. Sitaki tume. Sitaki semina wala kongamano la wadau. Nataka yule aliyebuni ile fomu apunguziwe kazi mpaka saa 12 kwa wiki kwa miezi mitatu, kwenye dawati lake hilohilo na kazi zake zote, halafu aje ajaze fomu yake mwenyewe kwa peni nyeusi na herufi kubwa kama inavyoelekeza, nami nitakuwa nimesimama nyuma yake kwenye foleni nione anatiki wapi. Au kama hilo ni gumu, waongeze kisanduku cha tatu, NINA KAZI NUSU, na mstari mfupi wa kuandika saa ngapi na umelipwa kiasi gani. Wasiseme nafasi hakuna. Fomu ya ziada ninayo hapa mezani na nimeipima kwa rula: kati ya SINA KAZI na sehemu ya sahihi kuna sentimita tatu na nusu, tupu kabisa.

Ni mimi msomaji wako (jina ninalo ila naomba usilichapishe, Jumatano nina shifti).