Kabla Hujapanda Basi la Lodwar

Mwanangu Wakesho,

Salamu kutoka Voi. Nimefurahi kusikia kanisa limekuteua kwenda Turkana na timu ya kuhubiri injili, na majirani wameshasikia kwangu mpaka wamechoka. Ila neno langu la kwanza ni lile la kwenye simu: umezungumza na kaka yako?

Naambiwa timu inataka kufunga siku tatu mfululizo hadi asubuhi ya safari. Wakatalie. Joto la Lodwar hupita nyuzi 35. Mtu akifika mwili umekauka, ataanguka siku ya kwanza na wenzake watabaki kumuuguza. Fungeni siku moja kila juma, chakula cha jioni hadi cha jioni ya pili, maji mkinywa, na mkome juma moja kabla ya kuondoka. Chai ipunguze siku mbili tatu mapema. Ukiikata ghafla kichwa kitakugonga, uanze kukemea mapepo kumbe ni majani ya chai. Kufungua, anza na uji. Na kama daktari atakupa doxycycline, dawa ya kuzuia malaria, inamezwa kila siku, tangu siku moja au mbili kabla ya kufika hadi wiki nne baada ya kutoka huko, pamoja na chakula na maji mengi. Tumbo tupu itakuchoma.

Tena soma Isaya 58:7. Hapo hapo kwenye habari za kufunga, nabii anasema usijifiche na mtu mwenye damu moja nawe. Wewe simu za kaka yako hushiki. Ndiyo, ni mimi niliyekusukuma umpe ile pesa ya pikipiki, hilo tuliache.

Marko ana sura 16: soma moja kila asubuhi, kisha uirudie yote kwa mkao mmoja. Luka 10 isomeni pamoja, hasa pale pa kula mnachoandaliwa na kutohamahama nyumba. Ushuhuda wako uwe wa dakika tatu, maana kwa mkalimani zitakuwa sita. Sentensi moja fupi, nyamaza, amalize. Misemo ya kanisani kwetu kama “upako” na “kuvunja madhabahu” iondoe. Mkalimani atakwama, au atahubiri yake. Omba naye kabla ya ibada, na umpe mistari mapema. Mtu akikuuliza habari za kisima au karo, usiahidi. Mwelekeze kwa mchungaji wa pale, yeye ndiye atakayebaki akidaiwa ahadi zenu.

Wa kukuombea wawe watatu wanaojua ratiba yako. Lile kundi la simu la watu mia mbili huandika “Amina” na kulala.

Kinachovunja timu nyingi ni ugomvi wa ndani: nani anaongoza, nani haoshi vyombo. Paulo na Barnaba walitengana kwa sababu ya Marko, nao walikuwa wamewekewa mikono na kutumwa pamoja kutoka Antiokia. Wewe ni mwepesi wa kununa, mwanangu, nakujua. Ukishindwa na kaka yako, utawezaje na watu tisa ndani ya gari moja? Mathayo 5:24 inasema uiache sadaka, uende kwanza. Mpigie kabla ya Jumapili ya kuwekewa mikono. Pesa si lazima muitaje.

Tangi la maji linavuja tena pale kwenye koki. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Ufunguo wa stoo uliuweka wapi? Mahindi yanataka dawa, na fukusi wameshaanza.

Mama yako